Felicitas, beatitas na ile U yetu ya mbele

Kila mwaka, tukifika kwenye kuunda nomino za Kilatini kutokana na vivumishi, hakosi mwanafunzi wa kuniandikia *felixtas*. Simlaumu. Kiswahili kimemzoesha mteremko: -zuri, uzuri, -zito, uzito. Unabandika U mbele, kazi imekwisha. Kilatini hubandika nyuma, na hakibandiki juu ya neno kama lilivyo kwenye kamusi. Chukua *felix*, mwenye heri. Genitivo yake, yaani umbo la umilikishi, ni *felicis*. Kata *-is*, linabaki shina *felic-*. Ongeza *-itas* upate *felicitas*, heri. Vivyo hivyo *prudens*, mwenye busara: genitivo *prudentis*, shina *prudent-*, ongeza *-ia*, *prudentia*. Kwa hiyo yule Prudensia wa parokiani kwenu jina lake ni Busara tu.

Shughuli ni kujua kiambishi kipi kinakwenda na kivumishi kipi. *Bonus* huzaa *bonitas*, wema. *Iustus* huzaa *iustitia*, haki. *Magnus* huzaa *magnitudo*, ukubwa. Kwa nini isiwe *magnitas*? Hapo hakuna kanuni ya kukuokoa, ni kukariri. Ila kwa vipimo, mimi huwaambia wabahatishe *-tudo*: *longus*, *longitudo*, urefu, *latus*, *latitudo*, upana. Wanafunzi wa jiografia wanazo hizo mbili kila siku bila kujua kwamba wanasema urefu na upana. Ulimwengu walioujua watu wa kale ulitandaa zaidi kutoka magharibi kwenda mashariki, hivyo upande huo ndio ukahesabiwa urefu. *Altitudo* ina vituko vyake, maana *altus* ni -a juu na pia -enye kina. Mlima unayo, na bahari inayo.

Nomino zote hizi ni za jinsia ya kike, angalau hapo hawasumbuki.

Tena hata Warumi wenyewe walisita. Mwaka 45 kabla ya Kristo, Cicero, mwandishi na msemaji wao maarufu, katika kitabu chake cha mazungumzo juu ya miungu, alihitaji nomino kutokana na *beatus*, mwenye heri kamili. Akampa mhusika wake Cotta aseme zote mbili, *beatitas* na *beatitudo*, na kukiri kwamba zote ni ngumu, ila maneno hulainishwa kwa kutumiwa. Kanisa likaja kuizoea *beatitudo*.

Ndiyo maana anayeniandikia *beatitas* simkati alama. Wa *felixtas* namkata.