Zana huria za majaribio ya kiotomatiki: Selenium, Cypress na Playwright zinatofautianaje?

Majaribio ya kiotomatiki ni programu inayoijaribu programu nyingine. Mtu angefungua ukurasa wa kujisajili, akajaza jina na namba ya simu, akabonyeza kitufe, kisha akatazama kama ujumbe unaotakiwa umetokea. Hatua hizo zote huandikwa kama msimbo, na kompyuta huzirudia kila timu inapobadilisha chochote. Zana ya kazi hiyo huitwa huria pale msimbo wake unapokuwa wazi na leseni yake inapomruhusu yeyote kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza.

Zana ni nyingi, lakini si zote zenye ubishi. Ukitaka kujaribu kipande kidogo cha msimbo, tuseme hesabu ya VAT kwenye risiti, lugha unayoandikia imeshakuamulia. Wa Java ana JUnit, iliyoanzishwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997. Wa Python ana pytest. Majaribio ya namna hiyo humalizika kufumba na kufumbua, wala hayagusi kivinjari. Ubishi huanza kivinjari kinapoingia, na hapo husikika zaidi majina matatu: Selenium, Cypress na Playwright. Wengi huzilinganisha kwa kasi, au kwa nyota zilizopewa na watumiaji kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo. Mimi huanza na swali jingine: zana inasimama wapi inapokiendesha kivinjari? Sehemu kubwa ya sifa zake, na ya kero zake, hutoka hapo.

Selenium inasimama nje kabisa. Ilianzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins akiwa ThoughtWorks mjini Chicago, na baadaye ikaunganishwa na WebDriver, zana nyingine ya kuendesha vivinjari iliyoandikwa na Simon Stewart. Kila amri, iwe ya kubonyeza au ya kuandika, husafiri kwa HTTP, njia ya mawasiliano ya wavuti, hadi kwa programu ya kati iitwayo draiva, na draiva ndiyo inayokiambia kivinjari la kufanya. Draiva ya Chrome hutengenezwa na timu ya Chrome yenyewe, ya Firefox na Mozilla, na tangu 2018 itifaki ya WebDriver, yaani kanuni za mawasiliano hayo, ni kiwango rasmi cha W3C, shirika la viwango vya wavuti. Ndiyo maana Selenium huendesha vivinjari vilevile ambavyo wateja wanavyo, na huandikwa kwa Java, Python, C#, Ruby au JavaScript. Zamani watu walisumbuka kutafuta draiva inayolingana na toleo lao la Chrome. Kuanzia toleo la 4.6, Selenium huitafuta yenyewe.

Cypress ilichukua njia ya kinyume: msimbo wa jaribio hukimbia ndani ya kivinjari, sambamba na ukurasa unaojaribiwa. Hakuna amri inayosafiri kwenda na kurudi. Jaribio huona kila kinachoonwa na ukurasa, na likianguka unaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua ukatazama ukurasa ulivyokuwa wakati ule. Kwa msanidi anayetafuta kasoro saa tano usiku, hilo si jambo dogo. Ila kukaa ndani kuna bei yake. Unabanwa na JavaScript au TypeScript, huwezi kuendesha vichupo viwili kwa pamoja, na jaribio likihama kutoka tovuti moja kwenda nyingine, mathalani kwenye ukurasa wa benki wa kulipia kwa kadi, inabidi utumie amri maalumu.

Playwright ilitolewa na Microsoft mwaka 2020, na miongoni mwa walioiunda ni watu waliotengeneza Puppeteer, zana ya kuendesha Chrome, huko Google. Nayo iko nje, lakini mawasiliano yake na kivinjari hubaki wazi muda wote, hivyo kivinjari nacho huweza kutoa taarifa: ombi limetumwa, kichupo kipya kimefunguka. Inaendesha Chromium (msingi wa Chrome), Firefox na WebKit, kwa JavaScript, TypeScript, Python, Java au C#. WebKit ndiyo injini iliyomo ndani ya Safari, kwa hiyo msanidi asiye na Mac anaweza kunasa kasoro nyingi za watumiaji wa iPhone akiwa kwenye Linux au Windows. Si Safari yenyewe, lakini ni karibu sana. Kwa upande mwingine, Playwright hupenda kushusha vivinjari vyake yenyewe, mamia ya megabaiti. Anayefanyia kazi kwenye bando la simu ataligundua hilo mapema.

Sasa tuje kwenye kusubiri, maana hapa ndipo majaribio mengi hufia. Ukurasa wa leo haufiki wote kwa pamoja. Kitufe kinaweza kuonekana kabla hakijawa tayari kubonyezwa. Jaribio likikiwahi, linaanguka. Likirudiwa, linapita. Timu ikizoea kigeugeu hicho huanza kupuuza hata maanguko ya kweli. Katika Selenium, kusubiri ni juu ya mwandishi: lazima aseme anangoja nini na kwa muda gani. Wavivu huweka Thread.sleep, amri ya kusimama tu, ya sekunde tano kila mahali, na majaribio ya dakika mbili yanageuka ya nusu saa. Cypress hurudia kukitafuta kitu mpaka kipatikane au muda uishe. Playwright, kabla ya kubonyeza, huhakikisha kitufe kinaonekana, kimetulia, hakijafunikwa na kingine na hakijazimwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya msingi ya watu kuihamia, kuliko kasi inayotajwatajwa.

Lakini kuna mambo ambayo hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayoyaweza. Chukua malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa. Mteja akibonyeza Lipa, ombi la STK Push huenda kwenye simu yake, anaweka PIN, kisha jibu hurudi kwenye seva yako kwa anwani uliyoitoa. Hakuna zana ya kivinjari itakayoiweka PIN hiyo. Kazi inagawanywa: kwenye majaribio ya seva unatuma majibu ya kuigiza, moja lenye ResultCode 0 la malipo yaliyofaulu, jingine lenye 1032 la mteja aliyeghairi, na kuhakikisha oda inabadilika inavyopaswa. Kivinjari kinabaki na kazi ndogo ya kuthibitisha kwamba ukurasa unatoka kwenye kungoja hadi kwenye risiti. Ikiwa kinachojaribiwa ni programu ya simu yenyewe, kuna Appium, inayotumia itifaki ileile ya WebDriver.

Jambo la leseni nalo lisipitwe. Selenium na Playwright zina Apache 2.0, Cypress ina MIT. Zote tatu ni huria bila shaka. Hata hivyo, kuyagawa majaribio kwenye mashine kadhaa kwa amri ya Cypress yenyewe hudai kuyarekodi kwenye huduma yake ya wingu, ambayo ukizidi kiwango cha bure unalipia. Playwright huyagawa bila kumwuliza mtu. Mwenye timu ndogo huenda asilione tofauti hiyo mpaka majaribio yake yafike mamia.

Wajaribu wasioandika msimbo wanaweza kutazama Robot Framework, iliyokulia Nokia na kufanywa huria mwaka 2008. Hatua zake huandikwa kwa maneno ya kawaida unayojiundia, hata "Jaza Fomu Ya Mkopo", na chini yake unaweza kuweka Selenium au Playwright.

Kwa mfumo mpya wa wavuti ningeanza na Playwright. Timu ya JavaScript tupu, yenye tovuti moja isiyohamahama, itafurahia Cypress. Na mwenye maelfu ya majaribio ya Selenium yanayofanya kazi sioni kwa nini ayaandike upya. Aanze kwa kuziondoa Thread.sleep, aweke masharti ya kusubiri mahali pake, halafu apime yamebaki mangapi yenye kigeugeu.