Eti wiki ya Vim ni ya mabingwa tu?

Nikimwambia mtu hapa Wandegeya, Kampala, aandike kitu kwenye wiki ya Vim (tovuti ambayo yeyote anaweza kuandika na kurekebisha peji kuhusu Vim, ile programu ya kuandikia maandishi na kodi) jibu ni lilelile, eti mimi bado najifunza, waache mabingwa. Hii ndo dhana inayonikera kuliko zote. Bingwa ashasahau kilichomsumbua siku ya kwanza, hakumbuki tena kwamba alishindwa kutoka mpaka akazima kompyuta, lakini wewe uliyejua jana tu kwamba unabonyeza Esc halafu :q! unatoka bila kusevu, bado una ule uchungu. Andika basi!

Na sisi wa Uganda ndo tungekuwa wa mwisho kuogopa, maana ukifungua Vim tupu inakuambia palepale usaidie watoto maskini wa Uganda. Kuna wanaodhani ni utani, au matapeli. Kumbe Bram Moolenaar, aliyetoa Vim mwaka 1991 na kufariki 2023, alikuja mwenyewe kujitolea Kibaale mwaka 1994. Na hapo pia watu wanachanganya, siyo Kibaale ya Bunyoro, ni ile ya Rakai kule kusini. Ndani ya Vim andika :help uganda, yaani ufungue help, maelezo yake ya ndani, usome.

Haya, dhana nyingine: "kwangu imekubali, inatosha." Hii nimeifanya mimi mwenyewe. Niliandika kwamba ukimaliza kutafuta neno na maneno yote yamebaki yamewaka rangi, andika :noh yazime. Akaja mtu kuniuliza, yamewaka wapi? kwake hakuna kilichowaka. Nikabishana naye karibu siku mbili, aibu tupu, kumbe mimi nina set hlsearch (amri ya kuwasha hiyo rangi) kwenye vimrc yangu (faili la setingi zangu za Vim) tangu zamani na nilishasahau, na Vim yenyewe haiwashi hiyo kitu mpaka uiambie, ila Neovim (iliyojitenga na Vim mwaka 2014) inaiwasha bila kuulizwa. Kwa hiyo kabla hujasevu peji, fungua kwa vim --clean, hapo vimrc yako haisomwi, jaribu ulichoandika neno kwa neno. Halafu taja ni Vim au Neovim na toleo gani. Na majina andika marefu, :nohlsearch badala ya :noh, kwa sababu mgeni ataenda kulitafuta kwenye help na jina refu linamwambia kazi yake ni nini.

Kuna wanaosema Vim ni ya bure kwa hiyo chochote kinachoihusu unakopi na kupesti. Hapana bwana. Programu ina leseni yake, kitabu cha mtu kina haki zake, na maandishi ya wiki nayo yana leseni yake, mara nyingi CC BY-SA (unaruhusiwa kutumia ila umtaje mwandishi na utoe kazi yako kwa leseni hiyohiyo). Eleza kwa maneno yako. Hata help yenyewe usiimwage pale nzima, waambie wasome :help registers, yatosha, maana toleo likibadilika hiyo kopi yako itabaki inadanganya watu.

Kuogopa kuharibu peji? Historia yote inatunzwa, mtu anarudisha ya jana kwa kubofya. Ward Cunningham alipoanzisha wiki ya kwanza mwaka 1995 alichukua neno la Kihawaii "wiki", maana yake "haraka", siyo "kamili". Kiingereza cha kuvunjika pia siyo kesi, kuna wanaopenda kurekebisha koma.

Ila wanaonichosha ni wale wenye "yangu ni bora" halafu wanafuta ya mwenzao au wanafungua peji mpya ya tano ya jambo lilelile. Tafuta kwanza kama ipo, ongeza hapohapo, na kwenye ule mstari wa maelezo sema umebadilisha nini na kwa nini. Nimeona peji ya kuchagua maandishi kwa safu wima, mmoja ameandika Ctrl-V, mwingine akaja akafuta akaweka Ctrl-Q, wa kwanza akarudisha, wa pili naye akarudisha, wakaendelea hivyo kama watoto na mpira. Na wote wako sawa! Kwenye Windows setingi za mswin (zinazoifanya Vim itumie vitufe kama vya Windows) zimeichukua Ctrl-V iwe ya kupesti, ndo maana wengine wanalazimika kutumia Ctrl-Q. Hakuna aliyefungua peji ya majadiliano kumuuliza mwenzake anatumia mashine gani. Niliongeza sentensi moja ya Windows pale chini na mpaka leo hajaigusa mtu.