Katuni ya sayansi haimfundishi mtoto kwa kutazamwa tu

Shule ikipata projekta, wengi huona kazi imekwisha: onyesha picha zinazotembea, watoto wataelewa. Sivyo. Picha hizo humfaa mwanafunzi anapozichezea mwenyewe, tena baada ya kukisia kitakachotokea.

Chukua sakiti ya umeme. Watoto wengi (na watu wazima pia) hudhani balbu "inakula" umeme, kwa hiyo waya unaorudi kwenye betri una umeme kidogo kuliko ule unaotoka. Katika PhET, programu za kompyuta za majaribio ya sayansi za Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, mradi ulioanzishwa na mwanafizikia Carl Wieman mwaka 2002, mtoto huunga betri, waya na balbu kwa kuviburuta kwenye skrini. Kabla hajafunga swichi, mwulize: elektroni, yaani chembe ndogo mno zinazobeba umeme kwenye waya, zitapungua zikishapita kwenye balbu? Aandike jibu. Akifunga, ataona vidoa vinavyowakilisha elektroni vikienda kwa kasi ileile pande zote mbili. Hapo mabishano huanza, na mwalimu asiyakatishe upesi. Balbu hupokea nishati. Elektroni zenyewe hazipungui.

Ila picha nayo hudanganya kidogo. Elektroni si vidoa vya buluu, na kwenye waya halisi husogea polepole kuliko konokono. Taa huwaka papo hapo kwa sababu waya tayari umejaa elektroni, nazo huanza kusogea karibu wakati mmoja. Mtoto aambiwe hivyo waziwazi, kisha apewe betri na balbu ya tochi ya kweli, maana kwenye skrini waya haulegei wala haushiki kutu.