Nani Anaamua Kesi ya Ng'ombe Ng'ambo ya Ukungu?

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja aliniletea ramani. Ameichora kwa penseli kwenye karatasi ya manila, milima ameitia kivuli vizuri, mito inashuka inakotakiwa kushuka. Kusini, nyuma ya safu ya milima, ameacha eneo kubwa jeupe na kuliandika kwa herufi kubwa: NCHI ISIYO NA SHERIA. Nikamuuliza, ng'ombe akiibwa huku, mwenye ng'ombe anakwenda kwa nani? Akanijibu, "Haendi kwa mtu, mwalimu. Ndiyo maana haina sheria."

Kazi yangu ni kutunga dunia. Natengeneza ramani, koo, miungu, vyakula na sarafu kwa ajili ya riwaya za fantasia na michezo ya mezani, na Jumamosi nawafundisha vijana hapa Mbeya. Joka halinisumbui, wala mchawi anayehamisha mlima. Kinachonikesha ni kile kipande cha mashambani ambako mkono wa mfalme haufiki, kwa sababu hapo ndipo hadithi nyingi za vijana wetu zinapokufa. Wanajaza eneo lile majambazi wa msituni, kila mtu anampora kila mtu, basi. Lakini mkulima ameshaweka mbegu ardhini na hawezi kuhama hadi avune. Akiporwa kila siku, msimu ujao hapandi, na jambazi naye anakosa cha kupora. Watu wanaolima lazima wawe na namna ya kuamuliana. Swali ni namna gani, na inaishia wapi.

Kwanza uliza ramani ni ya nani. Boma la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga liliangushwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, lakini mwenyewe hawakumpata. Karibu miaka minne alizunguka ndani ya Uhehe, kichwa chake kimewekewa zawadi ya rupia 5,000, mpaka alipojipiga risasi Mlambalasi mwezi Julai 1898. Kwenye ramani ya afisa wa Kijerumani ile ilikuwa nchi ya waasi, nchi iliyokosa utawala. Sasa itazame kutoka jikoni kwa mama wa Kihehe wa wakati ule. Kuna chakula kilichopelekwa porini usiku. Kuna watu waliojua na wakanyamaza, na fedha ile ilikuwa nyingi mno kwa mtu wa kijijini. Ninapotunga eneo "lisilo na sheria" huwa nachora ramani mbili: ya yule anayelitafuta na ya yule anayeishi humo.

Kitu kilichonifundisha zaidi, hata hivyo, kimetoka Rungwe.

Wanyakyusa wa zamani waliishi katika vijiji vya rika. Wavulana wakifika miaka kumi hivi waliondoka kwenye nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakawa wanarudi kwa makundi kula kwa mama zao. Wakikua, wakioa, kibanda kinakuwa nyumba na kundi linakuwa kijiji. Kwa hiyo jirani yako hakuwa ndugu yako wa damu, alikuwa mtu wa umri wako, uliyechunga naye ng'ombe. Kilichowashika pamoja ni kile walichokiita pumzi ya watu. Mtu akiwadharau wazazi wake, au akiwanyima majirani karamu iliyo haki yao, majirani walinung'unika, na manung'uniko yale yalikuwa pumzi baridi iliyomwingia mkosaji akaugua. Tiba yake ilikuwa kukiri kosa, kuchinja na kuwalisha. Hapakuhitajika askari wala gereza.

Nililiona vumbi la mambo hayo nikiwa mtoto, kwa bibi yangu huko Tukuyu. Jirani mmoja alichinja, moshi tukauona, harufu tukaipata, nyama haikuja. Asubuhi alipopita njiani akisalimia "ugonile", watu waliitikia huku jembe likiendelea kupiga, hakuna aliyeinua kichwa. Bibi akaniambia taratibu, "Huyo ataumwa, mjukuu wangu." Siku ya tatu alikuja mwenyewe, mikono miwili mbele, amebeba kipande cha paja kilichofungwa kwenye jani la mgomba lililobabuliwa motoni ili lisipasuke. Bibi akalifungua, akainusa nyama, akalifunga tena na kuliweka juu ya moshi. Hakusema neno. Kisha akamkaribisha chai. Kama yule bwana aliwahi kuumwa sikumbuki. Nakumbuka jinsi mabega yake yalivyoshuka alipoambiwa aketi.

Eneo ninalolitunga sasa naliita Ng'ambo ya Ukungu, na ukungu wake ni pumzi hiyo. Kila manung'uniko ya haki yanaongeza ukungu, na ukungu unamfuata mkosaji hadi kitandani. Uchawi wa namna hii lazima uwe na mpaka, la sivyo hadithi haina njaa. Mpaka wangu ni huu: pumzi inamfikia tu mtu ambaye jina lake linajulikana na watu saba wa mahali pale. Saba nimeitoa kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka liwe na wajumbe saba, watatu wao wanawake. Naipenda idadi hiyo. Inatosha kuwa na ubishi na haitoshi kuwa umati.

Ukishaweka mpaka huo, eneo linaanza kujitunga lenyewe. Mgeni haguswi na ukungu. Anaweza kuiba na kulala usingizi mnono. Lakini pia hakuna atakayenung'unika kwa ajili yake akiibiwa yeye. Uhuru wake na upweke wake ni kitu kimoja. Kwa hiyo ukitaka kujua sheria ya nchi hii inaishia wapi, tafuta mahali wageni wanapokusanyika.

Hapo ndipo napeleka akili yangu Chunya. Dhahabu ya Lupa, huko huko Chunya, ilianza kuvuta watu miaka ya 1920, na miaka ya 1930 wakafurika kutoka kila upande. Mji wetu wa Mbeya, ulioanzishwa mwaka 1927, ulinenepa kwa sababu ya dhahabu hiyo. Dhahabu ya mchangani ina tabia yake: mtu na karai lake na maji anaweza kuipata bila kumhitaji jirani. Shamba halikubali hivyo. Shamba linataka mtu wa kukusaidia kuvuna na mtu wa kukuazima mbegu.

Lakini nenda machimboni leo uangalie wageni wanavyoishi. Pale kwenye mdomo wa duara, yaani shimo la kuchimbia, mifuko ya mawe inapangwa mstari, inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, hii ya mwenye duara, hii ya wachimbaji, hii ya mwenye eneo, kabla haijakwenda kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Sijui jina la baba yako, nawe hujui la baba yangu, ila sote tumeona mifuko. Hiyo nayo ni sheria, na inashika kweli. Basi Ng'ambo ya Ukungu ina sheria mbili, ya pumzi bondeni na ya mifuko machimboni, na kila moja ina nguvu kwake. Balaa liko kwenye mshono. Ng'ombe aliyeibwa bondeni usiku akifikishwa machimboni anakuwa nyama kabla ya saa sita mchana, na wanaoila hawajui alikuwa wa nani. Wezi wangu hawana ngome wala pango. Wana mnunuzi.

Nawaambia vijana: kabla hujamwandika mwizi, mwandike anayenunua. Bila huyo, mwizi ana ng'ombe anayelia usiku kucha na kumfichua.

Upande wa maji nimejifunza bonde la Usangu. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, na anayejua mashamba ya mpunga ya Mbarali anajua banio, lango la kuingizia maji mferejini, likifunguliwa nje ya zamu maana yake nini kwa aliye chini. Nilihangaika sana na jambo hili: kama pumzi ina nguvu, kwa nini wa juu bado wanawaibia wa chini maji? Jibu nililipata nikiwa nimekaa tu kibarazani. Jua likipanda, miteremko inapata joto na hewa inapanda kutoka bondeni kwenda mlimani. Usiku miteremko inapoa, hewa inashuka. Kumbe ukungu wangu nao una zamu! Mchana manung'uniko ya watu wa bondeni yanapanda hadi kwenye banio. Usiku upepo unayarudisha kwao wenyewe, na wanaougua ni walioibiwa. Niliinuka nikaandika hilo kwenye ukuta kwa mkaa, daftari lilikuwa mbali.

Kwa hiyo maji ya Ng'ambo ya Ukungu yanaibwa usiku, kama Usangu, lakini sasa kuna sababu ya pili zaidi ya giza.

Jumamosi iliyopita kijana alirudi na ramani yake. Maneno yale makubwa ameyafuta, karatasi imechubuka hapo na kubaki na kidoa cha kijivu. Ameweka machimbo, ameweka njia ya ng'ombe, na mwisho wa njia amechora kibanda kidogo chenye ndoano mbili, bucha. Akauliza, "Mwalimu, huyu mchinjaji naye ni mgeni?"

Nikamwambia achague mwenyewe. Akafikiri sana, akang'ata penseli. Akasema hapana, ameoa bondeni, ana wakwe, jina lake linajulikana na watu zaidi ya saba. Nikamuuliza, sasa mbona ukungu haujamuua, na kila siku ananunua ng'ombe wa wakwe zake? Akaitazama ramani, akaweka kidole bondeni, akakipandisha polepole hadi kwenye bucha, kisha akakishusha.

"Anachinja alfajiri," akasema. "Upepo ukiwa bado unashuka."