行: xíng au háng?

Wanaojifunza Kichina hukutana na 行 mapema kwenye swali 行吗 (xíng ma), "inafaa?", ambalo jibu lake ni 行, "sawa". Baadaye wanaona kibao cha benki, 银行, wanasoma yínxíng, na Mchina anabaki kuwatazama. Husomwa yínháng.

Anzeni na mchoro. Kwenye mifupa na magamba ya kasa ya enzi ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, 行 ilichorwa kama njia panda, barabara mbili zikikatana. Anayepita njiani anakwenda, na hapo ndipo penye xíng: kwenda, kutenda, kufaa. Baiskeli ni 自行车 (zìxíngchē), gari linalojiendea lenyewe. Njia yenyewe nayo ni mstari, na mstari ndio háng: safu. Katika masoko ya zamani maduka ya bidhaa moja yalipangwa safu moja, hivyo háng ikawa pia kazi au biashara ya aina fulani, kisha nyumba ya biashara. 银 ni madini ya fedha. Sisi tunaoita pesa "fedha" hatuna haja ya kuelezwa zaidi kuhusu benki.

Wafanyabiashara wetu wanaofuata nguo Guangzhou wanalijua eneo la 十三行, Shísānháng, "nyumba kumi na tatu". Jina limebaki tangu zama za Qing, nyumba za wafanyabiashara wenye kibali zilipouziana bidhaa na Wazungu. Kuanzia 1757 hadi 1842 biashara ya meli za Ulaya ilibanwa kwenye bandari hiyo moja. Wenyeji wanaosema Kikantoni watakutamkia hong, usishangae.

Sasa mdomo. Kwa x, ncha ya ulimi ikae nyuma ya meno ya chini, midomo itandazwe, sauti itoke kati ya s na sh. H ya háng hukwaruza kooni, karibu na kh ya wazee wa pwani wakisema "kheri". Zote mbili huishia kwa ng' ya ng'ombe, na zote zina toni ya pili, inayopanda kama ya mtu anayeuliza "Eeh?". Toni basi haitakusaidia kuzitofautisha.

Maandishi nayo hayasaidii daima. 同行 ikisomwa tóngxíng ni kusafiri pamoja. Ikisomwa tóngháng ni mtu wa kazi moja na wewe, na Wachina husema watu wa kazi moja ni maadui. Sentensi ndiyo inayoamua. Kwa hiyo siwapi wanafunzi 行 peke yake. Nawapa maneno mazima.

Ipo pia héng, katika 道行 (dàohéng), uwezo anaoupata mtawa kwa mazoezi ya miaka mingi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aiache.

Zoezi: someni 行长, mkuu wa benki. 长 nayo ni cháng ikiwa "ndefu", zhǎng ikiwa "mkuu".