Majuto yenye deni hayaishi kwa kuvuta pumzi

Kuna ujumbe wa sauti unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, wiki hii nimetumiwa tena, mmoja aliyenitumia yuko Iringa mwingine Tunduma. Mtu anaongea taratibu kabisa, anasema unajuta? kaa kimya, funga macho, vuta pumzi, achia, na yaliyopita unayaacha hapohapo. Chini watu wanaandika amina, amina. Mimi ni mnasihi hapa Mbeya na naongoza watu kwenye tafakari ya kimya, Wakristo ndio wengi, Waislamu wapo pia, na leo naomba mnivumilie niseme kwa kirefu maana wanaoletwa kwangu wameharibikiwa na ushauri huuhuu.

Mkao sina haja ya kuuongelea sana. Kaa kwenye kiti, mgongo wima, mwezi wa sita na wa saba jifunge blanketi, ukitetemeka kwa baridi ya Uyole hutatafakari chochote. Dakika 15 zinatosha kuanzia. Mawazo yakija yaache yaje, wewe rudi kwenye pumzi, basi. Anayekufundisha kwamba lengo ni kichwa kibaki kitupu, mkimbie. Mwaka 1987 huko Marekani mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na akiwajia kichwani wapige kengele, na kengele zikaendelea kulia tu, halafu walipoambiwa haya sasa mfikirieni, wale waliokuwa wanamzuia wakamfikiria zaidi kuliko ambao hawakumzuia mwanzoni. Na huyo ni dubu tu jamani. Itakuwaje kwa mtoto uliyemkana?

Sasa kinachoniudhi hasa. Watu wanayachukulia majuto yote kuwa kitu kimoja, wakati yapo yenye deni na yapo yasiyo na deni. Nitoe mfano, nimebadilisha mambo ili mtu asitambulike. Alikuja baba mmoja wa upande wa Tukuyu, halali usiku, akaniambia mwalimu nifundishe kupumua nipate amani. Tukakaa, akaongea, kumbe baba yao alipofariki yeye kama mkubwa aliuza shamba la migomba la familia na wadogo zake hawakuona hata shilingi. Wadogo wapo hai, wapo jirani, wanakutana msibani wanasalimiana. Yaani anataka mimi nimsaidie asisikie kitu ambacho dhamiri yake inakisema kwa haki kabisa! Kumpa huyo pumzi peke yake ni kumpa mtu dawa ya maumivu wakati jino limeoza, atalala leo na jino litaendelea kuoza.

Na msidhani nasema tu kwa hisia za dini. Mwaka 2022 mtafiti Andrew Hafenbrack na wenzake walichapisha majaribio nane juu ya jambo hilihili: watu wakikumbuka mtu waliyemkosea, halafu wakafanya tafakari ya kufuata pumzi, hatia inapungua kweli, lakini na utayari wao wa kwenda kurekebisha unapungua. Soma tena hapo. Pumzi ilifanya kazi yake vizuri, ikatuliza, na aliyekosewa ndiye aliyepata hasara. Tafakari ya kuwatakia wengine mema, ile unamweka mtu moyoni na kumwombea heri, haikuwa na shida hiyo kwa kiwango hicho, watu walibaki tayari zaidi kurekebisha. Ndiyo maana mwenye deni simwanzishi na pumzi, namwanzisha na mtu. Nani? Anaitwa nani? Yuko wapi leo?

Wazee wetu wa dini walilijua hili zamani. Imam Nawawi, mwanazuoni wa Kiislamu wa karne ya 13, ameeleza masharti ya toba kuwa uache kosa, ujute, uazimie kutolirudia, na kama limegusa haki ya binadamu mwenzako kuna la nne, umrudishie haki yake. Zakayo kwenye Luka 19 hakuishia kulia, alisema kama nimemdhulumu mtu namrudishia mara nne. Hata wale wa kuacha pombe, AA, hatua yao ya nane ni kuorodhesha uliowaumiza na ya tisa ni kwenda kurekebisha, isipokuwa pale ambapo kwenda kwako kutawaumiza zaidi. Hiyo "isipokuwa" ni nzito sana na watu wanairuka. Kuna mtu anabeba siri ya miaka mingi anaenda kuimwaga kwa mke wa mwenzake ili yeye apumue, nyumba ya watu inabomoka. Huko sikuiti kurekebisha hata kidogo.

Halafu kuna kundi la pili ambalo nikiwaambia haya wanaumia zaidi, kwa hiyo wasome hapa kwa makini. Wapo waliotubu, wakalipa, wakasamehewa, na bado kila mkesha wanaombewa jambo lilelile. Inyasi wa Loyola, huyu aliyekuja kuwa mwanzilishi wa Wajesuiti, mwaka 1522 akiwa Manresa, Hispania, alikuwa hivyo. Alishaungama maisha yake yote kwa maandishi, na bado akawa anaona kuna kitu amesahau, anarudi kuungama tena na tena, mpaka akajiwa na mawazo ya kujitupa afe. Kilichokuja kumponya ni ule uamuzi wa kutoungama tena mambo ya zamani. Mtu wa aina hii ukimwambia ajichunguze zaidi unamzamisha. Kwake pumzi inafaa, kutembea kunafaa, na kazi za mikono zinafaa. Na kama anaona bora asiwepo duniani, hiyo tafakari iache kwanza, mpeleke hospitali leo, usimwache peke yake.

Na yale yasiyo na deni? Dada mmoja hakuwahi kumzika mama yake, barabara ilikatika kwa mvua, na anajuta mpaka leo. Hakuna cha kulipa hapo. Naye tunakaa na huzuni, anaongea na mama yake kwa sauti, anamwombea. Vitabu vya tafakari vinaandika kama vile wiki nane za mazoezi zikipita mtu anatua mzigo. Mimi nina mashaka. Wengine wanaotulia mikononi mwangu naona kabisa ni muda ndio umewatuliza, au mjukuu amezaliwa, na nikisema ni tafakari yangu nitakuwa nadanganya. Na wapo ambao wakifumba macho tu wanarudishwa kwenye siku ileile mbaya, hao nawaambia fumbua macho, simama, tutoke nje.

Swali ninaloulizwa sana ni la aliyemdhulumu mtu na huyo mtu kashakufa. Tafuta warithi wake, uwape wao. Wanazuoni wa Kiislamu wanasema ukishindwa kabisa kuwapata, toa sadaka kwa niaba yake, na kwa Wakristo ninaowaongoza nashauri vilevile, ingawa mchungaji mmoja tulibishana naye sana, yeye anasema neema imeshafuta yote. Neema nakubali. Ila yule baba wa Tukuyu ana wadogo zake watatu wazima na shamba halipo, na kikao cha familia alichoitisha hakijaisha, mmoja amegoma kuja, na bado halali vizuri. Simpi pumzi mpaka huyo mdogo aje.