Kipaa cha mlangoni huharibikia ukutani

Februari mwaka jana mama mmoja wa Isevya, hapa Tabora, aliniita nimrandie mlango. Ulikuwa wa mninga, kazi safi, ila kila mvua zikishika unavimba kwa chini na kugoma kufunga. "Mama," nikamwambia, "nikiuranda sasa, Julai panya watapita chini yake bila kuinama. Mlango hauna kosa, unalowa tu." Tukakubaliana nimjengee kipaa cha mbao juu yake, kazi ianze kiangazi.

Mlango una upana wa sentimita 90, kipaa nikakipa 180 ili mvua ya upande isimfikie mtu anayetafuta funguo. Kutoka ukutani kikaja mbele mita 1.2, na mteremko wa nyuzi 15, yaani ncha ya mbele iko chini ya ile ya ukutani kwa sentimita 32 hivi. Wateja wengi hupenda kilalie zaidi, wanasema kinapendeza. Kinapendeza mpaka maji yaanze kurudi nyuma chini ya bati.

Mbao nilichukua mninga, inchi mbili kwa sita kwa ubao wa ukutani na mikono, papi, zile mbao nyembamba za kupigilia bati, mbili kwa mbili. Ukinunua mninga angalia ule weupe wa pembeni. Moyo wake mwekundu mchwa hauupendi, lakini weupe dudu hula mpaka ubaki unga, na muuzaji huuhesabia humo humo kwenye kipimo. Mimi huukata wote.

Sasa ukutani. Kipaa cha kwanza nilichojenga, miaka ile najifunza, nilikipigilia kwa misumari ya inchi tano kwenye tofali za kuchoma. Kilikaa mvua moja. Ya pili upepo uliingia chini yake, nikakikuta kimeinamia mlango kama mlevi. Nilikirudishia kwa hela yangu. Mkono wa kipaa, ule unaoegemea kwa nyuzi 45, kazi yake ni kuusukuma ukuta kwa chini. Ubao wa juu, ule wa ukutani, ndio unaovutwa utoke. Kwa hiyo siku hizi natoboa ukuta hadi ndani, kwenye lenta (boriti ya zege juu ya mlango) kama ipo, napitisha bolti za milimita 12 na kuweka kipande cha chuma nyuma kabla ya nati. Mama alilalamika kuona vichwa vya bolti sebuleni. Kalenda imevificha.

Tukija kwenye maji, silikoni peke yake siiamini, jua la Oktoba huibandua. Nachana plasta juu ya kipaa, mfereji wa kina cha sentimita mbili, naingiza humo ukingo wa bati lililokunjwa, naziba kwa saruji, na sehemu inayoning'inia inalala juu ya mabati. Maji yanayoteremka ukutani yakifika hapo hayana pa kupenya. Misumari ya bati, ile yenye raba, inapigwa mgongoni mwa bati, si bondeni.

Mwisho wa mbao, pale msumeno ulipokata, hunywa maji kuliko ubavuni. Hapo naupa nta ya nyuki, kwetu haikosekani. Inayeyushwa ndani ya kikopo kilichokaa kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kisha inapakwa ingali moto mpaka mbao zikatae kunywa.

Januari hii nilipita kumsalimia. Mlango unafunga kwa kidole. Ila nilisahau kitu: maji yanayodondoka mbele ya kipaa yamechimba kimtaro kwenye mchanga, karibu kabisa na ngazi, na mama ameweka ndoo hapo. Wiki ijayo nampelekea kokoto.